HESABU YA NDEGE WASAFIRI: AMANA YA MWENYE KUONA

Ndugu wanafunzi,



Mwaka uliopita, mwezi wa Machi, tulikuwa tumekaa chini ya mwembe wa madrasa tukidurusu somo la tajwidi. Ghafla mwanafunzi mmoja wa darasa la nne akanyoosha kidole juu akasema, "Ustadh, tazama, mwewe wengi mno!" Somo likasimama. Kweli, juu ya kilima kilicho nyuma ya madrasa yetu palikuwa na ndege wakubwa wakizunguka duara bila kupiga mbawa, wakipanda kidogo kidogo kama moshi wa tanuri la mkaa siku isiyo na upepo. Walipofika juu kabisa wakajipanga, wakashika njia ya kaskazini, wakatoweka.

Nikauliza, "Walikuwa wangapi?" Hapo ndipo zogo lilipoanza. Mmoja alisema 60, wa pili akasema 35, wa tatu akaapa kuwa walizidi 100. Mimi mwalimu wao nilikuwa na jawabu langu la 40, lakini nilikisia tu. Sote tulitazama mbingu moja kwa wakati mmoja, na hapakuwa na wawili kati yetu waliokubaliana.

Kisha likaja swali la pili, "Ustadh, wanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nikawaahidi kwamba nitasoma, na nitakayoyapata nitayaandika katika jarida letu la mwaka. Makala haya ndiyo malipo ya deni hilo.

NI NDEGE GANI HAWA?

Ndege wawindaji ni wale wanaokula nyama, wenye kucha kali na mdomo uliopinda kama ndoana. Humo wamo tai, mwewe, kipanga, kozi na jamaa zao. Baadhi yao ni wenyeji wetu mwaka mzima, kama vile furukombe anayekaa kando ya maji akivua samaki. Wengine ni wageni. Hao huanguliwa mbali sana na kwetu, katika nchi za Urusi, Kazakhstan, Mongolia na Ulaya ya Mashariki. Baridi ya huko inapoanza, panya, nyoka na wadudu ambao ndio chakula chao hujificha, na theluji hufunika ardhi. Basi ndege hawa husafiri kuja kusini kutafuta riziki, kisha hurudi kwao kuzaa baridi inapokwisha.

Mfano mkubwa ni tai wa nyika, ambaye kwao ni kwenye mbuga kubwa za majani za Asia ya Kati. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia karibu mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Ukimwona akiwa Afrika wakati wa mvua unaweza kushangaa, kwa sababu ndege mkubwa namna hiyo hushuka chini akaokota kumbikumbi kama kuku. Pia hula makinda ya kwelea kwelea, ndege ambao wakulima wa mtama na mpunga wanawajua vizuri kwa hasara wanayoleta. Kwa hiyo mgeni huyu hali bure, ana faida anayotuachia.

Mfano wa pili ni shakivale wa nyika, ndege wa rangi ya kahawia, mdogo kuliko tai. Huyu huja kwa makundi makubwa, na wengi wao huendelea hadi kusini mwa Afrika.

Kaskazini ya dunia, miezi ya Machi, Aprili na Mei huitwa majira ya machipuko, kwa kuwa miti huchipua upya baada ya baridi. Kwetu ni wakati ambapo kaskazi inamalizika na masika yanaingia. Wazee wetu wa pwani watakumbuka habari za majahazi. Yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na upepo wa kusi. Ndege hawa nao wana msimu wa kuja na msimu wa kurudi. Wengi huingia kwetu Oktoba na Novemba, na huanza kuondoka kuanzia Februari hadi Aprili.

KWA NINI HAWAKATI BAHARI?

Huenda ukauliza, ikiwa ndege ana mbawa, kwa nini asikate moja kwa moja hadi anakokwenda? Jibu lake linaanzia chini ya nyayo zako. Tembea pekupeku kwenye mchanga saa saba ya mchana, utaruka kwa moto. Kisha ingia baharini wakati huo huo, utakuta maji ni ya wastani. Jua ni lile lile, lakini nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Ardhi iliyopata joto huipasha moto hewa iliyo juu yake, na hewa moto hupanda.

Hewa hiyo inayopanda ndiyo ngazi ya tai. Ndege mzito akipiga mbawa safari nzima ya maelfu ya kilomita, mafuta ya mwilini yatamwishia njiani. Kwa hiyo hufungua mbawa, huingia ndani ya hewa inayopanda na kuzunguka humo hadi anyanyuliwe juu sana. Kisha hutoka na kuteleza kwa kilomita kadhaa huku akishuka taratibu, mpaka aikute ngazi nyingine. Huo mzunguko tuliouona juu ya kilima chetu haukuwa mchezo wala kutafuta vifaranga. Walikuwa wanapanda ngazi.

Juu ya bahari ngazi hizo ni dhaifu au hazipo. Ndiyo maana tai, shakivale na hata korongo weupe hufuata nchi kavu, na inapowalazimu kuvuka maji hutafuta mahali pembamba. Kati ya Afrika na Asia ipo Bahari ya Shamu, nayo ina milango miwili. Mlango wa kusini ni Bab al-Mandab, baina ya Djibouti na Yemen, wenye upana wa kilomita 30 hivi. Ninyi mnaosoma Kiarabu mnajua kwamba "bab" ni mlango, na jina hilo limefaa. Mlango wa kaskazini ni Suez na rasi ya Sinai, nchini Misri.

Jambo la ajabu ni kwamba tai wa nyika wengi huja kwa mlango mmoja na kurudi kwa mwingine. Wanapokuja Afrika hupitia Bab al-Mandab, na wakati wa machipuko hurudi kwa njia ya Suez. Kwa mwaka mmoja wanakuwa wameizunguka Bahari ya Shamu yote. Hayo yalijulikana baada ya wataalamu kuwafunga baadhi ya tai vyombo vidogo vinavyotuma habari kwa satelaiti.

Tahadhari moja. Si kila ndege mwindaji huogopa bahari. Yupo kozi mdogo aitwaye kozi wa Amur, ambaye huzaliwa kaskazini-mashariki ya China na Urusi ya mashariki. Huyu hupita India kisha huvuka Bahari ya Hindi hadi Afrika akisaidiwa na upepo wa nyuma. Yeye ni mwepesi na mbawa zake ni ndefu na nyembamba. Tai mzito hana uwezo huo.

TAI ALIYEMALIZA SALIO

Kabla hatujaendelea, nawapa kisa cha kweli. Mwaka 2019 wataalamu wa Urusi walikuwa wakiwafuatilia tai wa nyika kwa vyombo vinavyotuma ujumbe wa simu kueleza mahali ndege alipo. Tai mmoja jike, waliyempa jina la Min, alikaa kiangazi kizima mahali pasipo na mtandao huko Kazakhstan, ujumbe ukarundikana. Alipofika Iran akapata mtandao, na ujumbe wote ukatoka kwa mkupuo, kwa bei ya simu za nje ya nchi. Salio la wataalamu likaisha! Ikabidi waombe watu wawachangie ili kumwekea tai vocha, na watu wakachanga.

Chombo kama hicho kina faida kubwa, kwa sababu kinatueleza njia anayopita ndege mmoja. Lakini hakiwezi kutueleza kama ndege wote wameongezeka au wamepungua. Ili kulijua hilo, lazima mtu akae mahali, atazame juu, ahesabu.

MAHALI PA KUHESABIA NA NAMNA YA KUHESABU

Wahesabuji hupenda kukaa kwenye mgongo wa mlima ulio karibu na njia nyembamba. Sababu ni tatu.

Kwanza, kutoka juu unaona mbali pande zote.

Pili, upepo ukigonga ubavu wa mlima hupanda juu, na ndege huutumia upepo huo kuteleza kando ya mlima. Kwa hiyo mlima wenyewe huwavuta.

Tatu, ukiwa juu unaweza kumwona ndege akipita usawa wa macho yako, ukaona rangi ya mgongo wake na mkia wake. Ukiwa chini utaona kivuli cheusi tu mbele ya jua.

Kazi huanza asubuhi ardhi inapopata joto, na huendelea mpaka alasiri. Vifaa ni vichache: darubini, karatasi, kalamu, saa, na kile kidude cha mkononi ambacho ukibonyeza mara moja huongeza moja, kama wengine wanavyokitumia badala ya tasbihi. Watu hukaa wawili au zaidi. Mmoja anatazama, mwingine anaandika, kisha hubadilishana, kwa sababu macho huchoka. Na msidhani siku ya anga safi ndiyo nyepesi. Ndege wa mbali hupotea ndani ya buluu, lakini mbele ya wingu jeupe huonekana kama nzi kwenye kanzu.

Sasa nije kwenye kosa letu la siku ile. Sisi tulihesabu ndege wakiwa bado wanazunguka. Hilo haliwezekani. Ni sawa na mtu anayetaka kujua idadi ya waliosali Ijumaa, akaanza kuwahesabu uani watu wakiwa wanapeana mikono na kutafuta viatu. Atamhesabu mmoja mara tatu na mwingine atamwacha. Mwenye akili hukaa mlangoni, akahesabu kila anayetoka. Ndege nao wana mlango wao. Wakifika juu ya ngazi hutoka mmoja mmoja kwa mstari, wakiteleza kuelekea upande mmoja. Hapo ndipo wanapohesabiwa.

Wahesabuji hukubaliana pia juu ya mstari wa kufikirika, kwa mfano kutoka kilele fulani hadi mti fulani. Ndege aliyevuka mstari anaandikwa. Ambaye hajavuka haandikwi, hata akizunguka saa nzima.

Kundi likiwa kubwa sana, mtu huhesabu ndege 10 kwa makini, akaangalia hao 10 wamechukua nafasi kiasi gani angani, kisha akapima kundi zima kwa kipimo hicho. Huko ni kukadiria, lakini ni kukadiria kwa kanuni, na hakufanani na kukisia kwangu.

Kila saa moja huandikwa peke yake: aina ya ndege, idadi, wakubwa au wachanga, upepo unatoka wapi, mawingu yakoje. Ndege asiyejulikana huandikwa hivyo hivyo kuwa hakutambuliwa. Na saa ambayo hakupita hata ndege mmoja huandikwa sifuri. Sifuri nayo ni habari.

Majira nayo ni elimu. Katika milima ya kaskazini ya Bahari ya Shamu, tai wa nyika hutangulia mwishoni mwa Februari na mwezi wa Machi. Shakivale hufikia wingi wao mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Mwezi wa Mei hupita wale wanaokula mabuu ya nyigu. Mwenye kuijua kalenda hii hujua amtarajie nani, ingawa haimruhusu kuandika ambaye hakumwona.

FAIDA YA HESABU YA MIAKA MINGI

Hesabu ya siku moja ni kama herufi moja. Haisomeki peke yake. Lakini herufi zikipangwa miaka na miaka huwa maneno. Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Katika jimbo la Pennsylvania kuna mlima uitwao Hawk Mountain. Zamani watu walikwenda huko kila msimu kuwapiga risasi ndege wapitao, kwa mchezo tu, mizoga ikabaki imelala chini. Mwaka 1934 bibi mmoja, Rosalie Edge, alikodi mlima ule na baadaye akaununua, akamweka mlinzi aitwaye Maurice Broun. Mlinzi huyu hakutosheka na kuwafukuza wenye bunduki. Alikaa juu ya mawe ya mgongo wa mlima akahesabu ndege, siku baada ya siku, hasa wakati wa safari ya kwenda kusini, na akaandika wachanga wangapi na wakubwa wangapi.

Katika miaka ya 1935 hadi 1939, kati ya kila tai 100 wa kichwa cheupe waliopita hapo, 40 walikuwa wachanga. Ilipofika miaka ya 1955 hadi 1959, wachanga walikuwa 20 tu katika kila 100. Na katika mwaka 1957 alipita mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32. Maana yake ni kwamba tai walionekana wapo, lakini nyumba hazikuwa na watoto. Mwandishi Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuonyesha madhara ya dawa za kuulia wadudu, hasa DDT. Dawa hiyo iliingia katika samaki, ikaingia katika tai, na maganda ya mayai yakawa membamba mno hata yakavunjika. Mwaka 1972 Marekani iliipiga marufuku DDT katika kilimo. Tai wale wakaongezeka tena, na mwaka 2007 wakaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini nchini humo.

Zingatieni jambo moja. Maurice Broun alipoanza kuandika "mchanga" na "mkubwa" hakujua kuwa karatasi zake zitakuja kuwa ushahidi juu ya dawa. Aliandika alichokiona, basi.

Mfano wa pili unatuhusu sisi zaidi. Kwenye ncha ya Ghuba ya Akaba ipo milima ya Eilat, nchini Israel, jirani na mji wa Akaba wa Jordan. Huko ndege wawindaji wamekuwa wakihesabiwa kwa utaratibu wakati wa machipuko tangu mwaka 1977. Katika machipuko ya mwaka 1985 peke yake walipita wawindaji zaidi ya milioni moja, na kati yao tai wa nyika walikuwa kiasi cha 75,000. Na kule kwenye mlango wa kusini, Bab al-Mandab, hesabu iliyofanyika Djibouti mwezi wa Oktoba na Novemba mwaka 1987 ilipata wawindaji 246,478, wakiwemo tai wa nyika 76,586.

Miaka iliyofuata, tai wa nyika waliohesabiwa Eilat walipungua sana. Sababu zinazojulikana ni nyingi. Mbuga walikozaliwa zimelimwa, wengine hufa kwa kutua kwenye nguzo za umeme, wengine hula sumu, wengine hupigwa risasi. Mwaka 2015 tai wa nyika aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Kama pasingekuwa na hesabu ya miaka ile ya nyuma, leo mtu angewaona tai 5,000 angesema, "Mashaallah, wapo tele." Asingejua kwamba baba yake aliona wengi mara nyingi zaidi.

NENO MOJA LINALOSIMAMISHA MTAMBO

Huenda mtu akasema, hizi ni kazi za wataalamu na vitabu vyao, zina uzito gani kwa maisha ya watu? Twendeni Misri.

Kwenye pwani ya Ghuba ya Suez kuna safu ya milima midogo iitwayo Jabal az-Zayt, yaani Mlima wa Mafuta. Mahali hapo pana mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ni njia ya ndege wanaotoka kwetu kurudi kaskazini. La pili, pana upepo mkali karibu mwaka mzima. Misri inahitaji umeme, na umeme wa upepo hautoi moshi. Kwa hiyo hapo imejengwa mitambo mingi ya kufua umeme kwa upepo, na ilipofika mwaka 2018 uwezo wake ulikuwa megawati 580.

Wakati wa machipuko ndege hukutana na upepo wa mbele, kwa hiyo wengi huruka chini chini. Mapanga ya mitambo nayo yanazunguka usawa huo huo. Tai amezoea kutazama chini akitafuta windo, na katika maisha yake yote hajawahi kukutana na kitu kinachomkata akiwa angani.

Suluhisho lililopatikana ni la kibinadamu kabisa. Wakati wa msimu, waangalizi waliofunzwa huwekwa jangwani kuuzunguka uwanja wa mitambo wakiwa na darubini, na rada huwasaidia. Mwangalizi akiona kundi linakuja kwenye mitambo hutoa habari, na mitambo iliyo kwenye njia yao husimamishwa. Ndege wakishapita, mitambo huwashwa tena.

Fikirini uzito wa neno la mtu yule. Akisema "wanakuja" na hawapo, amewanyima watu umeme bila sababu, na safari nyingine hataaminiwa. Akinyamaza kwa uvivu na kundi lipo, tai aliyetoka Serengeti akiwa mzima atakatwa Misri, na mwaka ule hatafika kwenye kiota chake. Tai hazai watoto wengi kama kuku. Kumpoteza mkubwa mmoja ni hasara inayochukua miaka kuzibwa.

AMANA YA MWENYE KUHESABU

Ndugu wanafunzi, katika kusoma habari hizi nilikumbuka somo letu la elimu ya hadithi. Wanachuoni hawakutosheka na maneno yaliyosimuliwa. Waliuliza: nani amesimulia? Amesikia kwa nani? Alikutana naye? Kumbukumbu yake ikoje? Hiyo ndiyo isnadi. Karatasi ya mhesabuji nayo ina isnadi yake ndogo: nani aliona, siku gani, saa ngapi, amesimama wapi, hali ya anga ilikuwaje. Ukiondoa hayo, namba inabaki uvumi.

Na katika Suratun Naml tunasoma kisa cha hudihudi aliyemletea Nabii Suleiman (a.s.) habari za Sabaa. Nabii Suleiman hakuikataa habari, wala hakuipokea hivi hivi. Aliichunguza kwanza kama ni ya kweli.

Wiki moja baada ya siku ile ya mwembe, niliwachukua wanafunzi sita wakubwa tukapanda kilima chetu. Tuligawanyika makundi mawili, tukakubaliana kwamba mstari wetu ni kutoka mnara wa simu hadi mnazi mrefu, na kila kundi liandike lenyewe bila kuulizana. Saa ya kwanza hakupita ndege hata mmoja. Mwanafunzi mmoja akaweka kalamu chini akasema, "Ustadh, tuandike nini? Hakuna kitu." Nikamwambia, "Andika sifuri, mwanangu. Umekaa saa nzima ukatazama, hiyo ni kazi uliyoifanya."

Saa ya pili wakapita. Kundi la kwanza liliandika 17. Kundi la pili lilikuwa na karatasi iliyofutwa, juu yake pameandikwa 50. Nikauliza kulikoni. Aliyeandika akainamisha kichwa, kisha akasema, "Nisamehe Ustadh. Tulipata 17. Nikaona ni wachache, nikaogopa watu wa jarida watatucheka."

Sikumgombeza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na dhambi hiyo hiyo. Katika rasimu ya kwanza ya makala haya nilikuwa nimeandika kwamba siku ile chini ya mwembe "tuliona ndege 40." Namba 40 ilikaa vizuri kwenye karatasi, na hakuna ambaye angeniuliza. Niliporudi nyumbani jioni ile niliikata. Mlichosoma mwanzoni ndicho cha kweli: nilikisia.

Kwa hiyo hesabu yetu halali ni hii. Saa ya kwanza, sifuri. Saa ya pili, 17, na 12 kati yao hatukuwatambua ni aina gani. Ni hesabu ndogo. Lakini makundi mawili yameiona, kila moja kwa macho yake, na mwaka ujao tukipanda kilima kile kile, mwezi ule ule, kwa mstari ule ule, tutakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Chora karatasi yenye safu saba: tarehe, saa, mahali, aina ya ndege, idadi, upepo na mawingu, na jina la aliyeona.

2. Katika mwezi wa Machi, chagua mahali pamoja palipo juu na pako wazi. Kaa saa moja, siku moja kila wiki. Usibadilishe mahali.

3. Usihesabu ndege wanaozunguka. Wasubiri watoke na kuvuka mstari wako.

4. Usiyemjua, andika "hakutambuliwa". Asipopita ndege, andika sifuri.

5. Swali la kufikiri: kwa nini Maurice Broun angekuwa ametupotosha kama angeandika idadi ya tai wote tu, bila kutenganisha wachanga na wakubwa?

Karatasi zenu nileteeni mwisho wa Aprili, nitazitunza katika kabati la maktaba yetu, Inshaallah. Wakati huo wale 17 wa kilima chetu huenda watakuwa wameshapita Misri, na mtu fulani mwenye darubini jangwani atakuwa amewaandika kwa lugha nyingine, bila kujua kwamba sisi tulitangulia kuwaona.

Wabillahi tawfiiq.